Nyumba Nayo Ipimwe Kabla ya Kutolewa Fedha



Katika barua zilizofika ofisini mwezi uliopita imo moja ya mwanachama mwenzetu wa siku nyingi, aombaye mkopo katika mfuko wa chama ili amsaidie kijana wake kununua nyumba huko Buhemba, Wilaya ya Butiama, katika Mkoa wa Mara. Kijana huyo yuko bara miaka mingi, ana duka Bunda, na nyumba aliyoonyeshwa ina vyumba vinne, ua na kisima. Bei yake ni nafuu. Kamati ilipokaa kuizungumza barua hiyo, maneno yalikuwa mengi juu ya dhamana, juu ya muda wa kulipa, na juu ya mikarafuu kama itazaa au haitazaa. Nilipouliza nyumba yenyewe ilikuwa ikifanyiwa kazi gani kabla, baadhi ya mabwana walicheka, wakaona Katibu ataka kuchungulia mambo ya watu. Kwa kuwa shauri hili litafika mbele ya mkutano mkuu, naona ni haki kila mwanachama alijue mapema. Nayasemayo hapa ni maoni yangu mwenyewe, si ya Kamati.

Wengi wetu visiwani twaijua Butiama kwa sababu Mwalimu Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922 na akazikwa huko mwaka 1999. Lakini nchi ile ni nchi ya dhahabu pia. Buhemba na Kiabakari, na zote mbili zimo katika wilaya hiyo, zilichimbwa tangu zama za Mwingereza, na baada ya migodi ya zamani kufungwa, wachimbaji wadogo wakaendelea na kazi kwa mikono yao. Nao, kama wenzao wa Geita na Kanda ya Ziwa nzima, huipata dhahabu kwa zebaki.

Kwa wasioijua kazi ile nitaieleza kidogo. Mawe husagwa katika karasha mpaka yakawa unga. Unga huoshwa kwa maji katika mwalo, ule mchanga mzito uliobaki hutiwa katika karai pamoja na zebaki, na zebaki huinasa dhahabu, vikawa donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hupanda kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Kwa kila gramu moja ya dhahabu huenda kiasi cha gramu moja ya zebaki, na mara nyingi zaidi.

Sasa mvuke ule waenda wapi? Mwingine huchukuliwa na upepo, lakini uliokutana na ubaridi hurudi kuwa vitone vidogo mno, vikakaa katika bati la paa, katika ukuta wa udongo, katika nyufa za sakafu, katika godoro na nguo. Na dhahabu, mabwana, ni mali ya kufichwa. Mtu aliyepata donge lake hapendi kulichoma mbele ya macho ya watu. Hulichoma jikoni, au katika chumba cha nyuma, na mlango ameufunga. Wanunuzi wa dhahabu nao huichoma tena dukani mwao, maana donge lililochomwa mara moja huwa bado lina zebaki ndani yake. Ndiyo kusema sumu hubaki pale pale watu wanapopika na watoto wanapolala.

Zebaki haingoji moto ili ivuke. Hata katika joto la kawaida la chumba hupanda kidogo kidogo, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, wala haina harufu, wala mvuke wake hauonekani. Mtu akiivuta, kiasi cha sehemu nane katika kumi huingia katika damu. Mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, mtu akawa msahaulifu na mwepisi wa hasira, ufizi ukavimba, mafigo yakadhoofika. Mara nyingi jamaa zake hudhani amerogwa au amezidiwa na fikira. Mtoto aliye tumboni ndiye wa kuhofiwa zaidi kuliko wote. Shirika la Afya Duniani limesema hewa ya kuvutwa mwaka mzima isizidi mikrogramu 1 ya mvuke wa zebaki katika mita moja ya ujazo, na mikrogramu ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Nimefanya hesabu kwa kalamu: gramu moja tu ikivuka yote yatosha kufikisha kiwango hicho katika vyumba zaidi ya 30,000 vya futi kumi kwa kumi. Gramu moja ya zebaki ni tone dogo kuliko punje ya mbaazi.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya vitabuni. Basi na tutazame yaliyowapata watu walionunua kwa macho tu. Huko Hoboken, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, palikuwa na jengo la ghorofa tano katika mtaa wa Grand Street, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha taa za mvuke wa zebaki. Katika miaka ya 1990 watu, wengi wao wasanii, walilinunua jengo lile wakalifanya makazi. Walilijua kuwa lilikuwa kiwanda. Lililowapendeza ni vyumba vipana na madirisha makubwa. Baadaye zebaki ikaonekana imetuama chini ya mbao za sakafu. Walipopimwa, wakazi wengi walikutwa na zebaki mwilini, na mapema mwaka 1996 wakahamishwa wote pamoja na watoto wao. Mwishowe jengo likavunjwa. Watu wale hawakuwa wajinga wala maskini, nao walikuwa katika nchi yenye maabara kila upande.

Katika jimbo lile lile, mwaka 2006, ilifungwa shule ya watoto wadogo iliyokuwa katika nyumba ambayo kwanza ilikuwa kiwanda cha vipima joto. Kiasi cha theluthi moja ya watoto walikutwa na zebaki kupita kiasi. Mwaka 2007 jimbo likapitisha sheria kwamba nyumba ya namna ile isitumiwe kwa watoto mpaka hewa yake imepimwa. Sheria ilikuja baada ya watoto kuivuta.

Afrika nasi tunayo yetu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara huko Nigeria, wanavijiji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu ndani ya nyua zao, na mawe yale yalikuwa na madini ya risasi. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Nyumba hazikuweza kukaliwa kwa salama mpaka udongo wa juu ulipochimbwa ukaondolewa, ua baada ya ua. Na karibu zaidi yetu, Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kikawatia watu risasi majumbani mwao. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikapandishwa rufani, na hata Desemba 2024 ilikuwa bado ikizungumzwa katika Mahakama ya Juu, ambayo iliwarudishia wanakijiji haki yao. Miaka yote hiyo waliokufa hawakungoja hukumu.

Nimeuliza swali moja mbele ya Kamati na sasa nawauliza nyinyi. Mkulima anapopeleka karafuu zake kituoni, je, hununuliwa kwa kutazamwa gunia kwa nje? Hata kidogo. Hutiwa mkono mpaka chini, hutazamwa unyevu, huchambuliwa makonyo na mchanga na mpeta, kisha ndipo hutajwa daraja, na pishi chache zilizo mbichi zaweza kuishusha bei ya gunia zima. Hapana mmoja wetu asiyemnung'unikia mpimaji, nami nanung'unika pia msimu ukifika. Lakini twajua kuwa bila yeye karafuu ya kisiwa hiki isingekuwa na jina duniani. Tumekubali kupimiwa gunia moja, ambalo likiharibika khasara yake ni ya msimu mmoja. Vipi basi tutoe akiba ya misimu kumi kununua nyumba kwa kuitazama rangi ya ukuta?

Wala jambo hili si geni katika mafundisho tuliyosomeshwa. Sote tuliokaa chuoni twaijua khiyari ya aibu: mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichika, nayo ilikuwamo kabla hajakipokea na yeye hakuijua, ana haki ya kukirudisha. Na muuzaji aijuaye aibu hana ruhusa ya kuificha. Lakini mahakama ya Musoma huamua kwa Sheria ya Mikataba ya nchi, na sheria hiyo yasema kuwa kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu alikuwa na wajibu wa kusema. Kwa hiyo muuzaji asipoulizwa akanyamaza, na mnunuzi akaja kutetemeka mikono miaka mitano baadaye, kesi yake itakuwa nzito. Dawa yake ni kuuliza, na jibu liandikwe. Hati ya mauzo iwe na maneno haya au yanayofanana nayo: kwamba muuzaji anatamka kuwa kwa ajuavyo yeye hapajachomwa dhahabu wala kuhifadhiwa zebaki wala sianidi katika nyumba hii na ua wake, au kama imefanywa, aseme chumba gani na mwaka gani. Mtu akikataa kutia sahihi maneno hayo, kukataa kwake nako ni khabari.

Zaidi ya kuuliza muuzaji, aulizwe jirani, aulizwe mwenyekiti wa kitongoji, waulizwe wazee. Wenyeji wa pale hujua nyumba ipi ilikuwa ya mnunuzi wa dhahabu na ua upi ulikuwa na mwalo. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, mauziano hayana budi kupita katika Halmashauri ya Kijiji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, basi swali na liulizwe hapo hapo mbele ya watu. Tena iulizwe mchanga uliojengea ulitoka wapi. Mchanga wa marudio, yaani ule uliobaki baada ya kuchenjuliwa dhahabu, ni laini, upo kwa malundo, na fundi asiyejali aweza kuuona kuwa ni mali ya bure kwa kupigia lipu au kumwaga sakafu. Lakini marudio yana zebaki iliyobaki, na pengine sianidi. Na kwa kuwa dhahabu ya Kanda ya Ziwa mara nyingi hukaa pamoja na mawe yenye aseniki, yaweza kuwa na hiyo pia.

Kisha ndipo vipimo. Kipimo cha kwanza chaweza kufanywa na mchimbaji yeyote mwaminifu: mwambie akuoshee karai moja ya udongo wa jikoni na ya kona za chumba cha nyuma. Vikionekana vitone vinavyong'aa chini ya karai, umekwisha kupata jibu, na usitoe hata senti. Visipoonekana, bado hujasalimika, kwa sababu sumu kidogo haionekani kwa jicho. Hapo utwae udongo wa mahali mbalimbali, kila mahali katika chombo chake safi kilichoandikwa, upelekwe Mwanza, katika ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Waulizwe kwanza kwa simu namna watakavyo sampuli zichukuliwe, na ada yao, na kama wanacho chombo cha kupimia mvuke hewani. Chombo hicho kikipatikana, chumba kifungwe madirisha na mlango usiku mzima kabla ya kupimwa, maana chumba kilichoachwa wazi kitasema uwongo. Wala nyumba isifagiliwe kwa fagio kwa nia ya kuisafisha kabla ya kipimo. Fagio huvunja vitone vikubwa vikawa vidogo, na vidogo ndivyo vinavyovuka upesi.

Maji ya kisima hayana budi kupimwa pia. Wizara ya Maji inazo maabara za ubora wa maji, na Mwanza ipo moja. Iombwe kupima aseniki, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, na floridi, ambayo kikomo chake ni miligramu 1.5, kwani Mara ni mmoja wa mikoa ambayo maji yake mahali pengine yana floridi nyingi, nayo huharibu meno ya watoto na hata mifupa. Nawatahadharisha kina mama khasa: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki wala floridi, huyapunguza maji na kuiacha sumu pale pale.

Nimesikia hoja tatu za kupinga. Ya kwanza ni gharama. Ni kweli, safari ya Buhemba hadi Mwanza na ada ya maabara ni fedha. Lakini twazungumza juu ya nyumba, si juu ya kuku. Ya pili ni kuwa muuzaji ataudhika na nyumba itachukuliwa na mwingine. Na ichukuliwe. Kama bei ilikuwa nafuu kwa sababu ya kile chumba cha nyuma, kheri kuikosa. Ya tatu ndiyo isemwayo sana: kwamba watu wamekaa humo miaka na hawakufa. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu zebaki haiui kama risasi ya bunduki. Aliyekaa humo miaka na akawa hawezi kutia uzi katika tundu la sindano, nani alimpima akajua ni nini?

Liko jambo moja ambalo halikusemwa na wapinzani wangu, nami naliona zito kuliko hizo hoja zao. Tuseme kipimo kimetoka kibaya. Kijana wetu atarudi Bunda na fedha zake mfukoni, na sisi tutamshukuru Mungu. Lakini ile familia iliyokuwa ikiuza, yenye watoto wanaolala juu ya sakafu ile, itabaki humo humo. Tukichukua karatasi ya maabara tukaikunja tukanyamaza, tutakuwa tumefanya lile lile tunalomlaumu muuzaji, na nyumba ile itauzwa kwa mtu wa pili asiyejua kuuliza. Kwa hiyo nasema nakala ya majibu apewe mwenye nyumba, asomewe na aelezwe kwa upole, na Bwana Afya wa kata apewe khabari. Mara nyingi nyumba yaweza kuponywa: udongo wa sakafu uchimbwe uondolewe, yale ya jikoni yenye masizi yabadilishwe, vyombo na magodoro yatolewe, kisha ipimwe tena. Watu wa Buhemba si waovu. Wametafuta riziki kama sisi tunavyopanda mikarafuu yenye matawi ya kuvunjika, na wengi wao hawakuambiwa na mtu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na mkataba huo wazitaka nchi zikomeshe uchomaji wa donge la dhahabu katika makazi ya watu. Lakini karatasi ya mkataba haijui njia ya kwenda jikoni kwa mtu isipopelekwa.

Asije mtu akasema kuwa Katibu aiona sumu ya bara tu. Nyumba zetu hapa nazo ziulizwe. Ghala lililowekwa madawa ya wadudu miaka na miaka lisigeuzwe chumba cha kulala kwa kupakwa chokaa. Rangi kuukuu inayobanduka yaweza kuwa na risasi, na mtoto huitia kinywani. Paa la asbesto likiwa zima na limetulia halina khatari kubwa, lakini likikatwa kwa msumeno au kutobolewa hutoa vumbi lenye kuharibu mapafu baada ya miaka mingi. Kenya ilipiga marufuku bidhaa za asbesto mwaka 2006. Haya nitayarudia siku nyingine nafasi ikiruhusu.

Ninaloliomba kwa mkutano mkuu ni hili. Fomu ya mkopo wa nyumba iongezwe ukurasa mmoja wa maswali: nani alikaa humo, kwa kazi gani, mchanga ulitoka wapi, maji yatoka wapi, na vipimo vilivyofanywa viambatishwe. Pale ambapo nyumba iko katika nchi ya machimbo, chama kisitoe fedha bila majibu ya maabara. Na kwa kuwa si haki kumdai mtu maskini kipimo kisha tusimsaidie, nusu ya ada itoke katika mfuko wetu, nyumba ikinunuliwa au isinunuliwe. Mweka Hazina hakubaliani nami katika neno hili la mwisho, naye atapewa nafasi yake ya kusema.

Rasimu ya ukurasa huo iko ofisini, mwenye la kuongeza au kupunguza na alilete kabla ya mkutano. Ama barua ya mwenzetu, nimeomba isikataliwe. Ingoje majibu ya Mwanza.

Katibu